Fundi wa Kawangware na pindo la inchi tatu

Msomaji mpendwa, kama hujawahi kufika Kawangware Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, hebu fanya hivi. Panda matatu namba 46 katikati ya jiji, keti dirishani, na umwachie utingo hesabu zake za nauli, maana nauli ya huko hupanda tone la kwanza la mvua linapoanguka na hakuna wa kumuuliza. Utapita Hurlingham, utapita Yaya, utapita Valley Arcade na nyua za Lavington ambazo michongoma yake imekatwa ikanyooka kama ukuta uliopigwa plasta. Huko barabara imetulia. Hata mbwa wanabweka kwa zamu. Kisha gari linapinda, linayumba kidogo, na kabla hujamaliza kukunja gazeti lako umeingia dunia nyingine.

Hapo hakuna kilichonyooka. Vibanda vimeisogelea barabara hata kioo cha pembeni cha matatu kinapita katikati ya nguo za mitumba. Mkokoteni wa mitungi ya maji umekwama mbele ya muuza viazi, waendesha bodaboda watatu wanamgombania abiria mmoja ambaye hata hajasema anakwenda wapi, na mhubiri mwenye kipaza sauti anashindana na muuza dawa ya panya ambaye naye ana kipaza sauti chake. Inua macho. Utaona majumba ya mawe ya orofa mbili au tatu, na juu yake vyuma vimechomoza kuelekea mbinguni, vikingoja orofa ambayo pesa zake hazijapatikana. Chini watu wanaishi, wanalipa kodi, wanaoana, wanazaa. Juu nyumba bado inajengwa.

Ndani ya jina Kawangware mna neno ngware, ambalo kwa Kikuyu ni kwale, yule ndege wa vichakani. Kwale wameondoka zamani. Tofauti na Kibera, ambako ardhi kwa sehemu kubwa ni ya serikali, hapa viwanja vingi ni vya watu binafsi, jamaa za Dagoretti waliokuwa wakilima mahindi na viazi kabla ya mipaka ya jiji kupanuliwa na kuwameza katika miaka ya 1960. Mwenye shamba alijenga chumba kimoja cha mabati, akapangisha, akajenga cha pili kwa kodi ya kile cha kwanza, na kadhalika. Ni sehemu hizi hizi za Dagoretti ambako Waiyaki wa Hinga na Kapteni Lugard walikula kiapo cha undugu Oktoba 1890. Kiapo chenyewe hakikudumu, na kufikia 1892 Waiyaki alikuwa amekamatwa na kufa njiani kuelekea pwani. Lakini hayo ni ya siku nyingine. Leo nataka ufuatane nami hadi kwa fundi wangu wa nguo.

Ukishuka stendi, usifuate barabara kubwa. Ingia kichochoro cha pili, ruka mfereji, mpite mama anayekaanga mandazi, na utasikia cherehani kabla hujaziona. Kibanda ni cha mabati, upana wake hauzidi hatua tano zangu. Ndani mna cherehani mbili za miguu, moja ya umeme, meza ya kukatia, na pasi ya makaa iliyokaa juu ya kipande cha kigae. Mwenye kibanda ni mama wa makamo kutoka upande wa Vihiga, ambaye watoto wote wa kichochoro humwita Shosho. Mimi humwita fundi, naye huniita Mwalimu, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa miaka mingi nimewatuma wazazi wa wanafunzi wangu kwake kushonesha sare.

Jumamosi hiyo ya Januari sikwenda kwa ajili ya sare. Nilimpeleka binti yangu.

Nikueleze kwa ufupi. Binti yangu ana umri wa miaka 20 na anasomea ubunifu wa mavazi katika chuo kimoja hapa jijini. Mkono wake ni mzuri. Simsifu kwa kuwa ni wangu. Walimu wake wenyewe husema hivyo. Hata hivyo, katika muhula mmoja alikuwa ameshindwa kuwasilisha kazi mbili, na si kwamba hakuzifanya. Alizifanya, akazifumua, akazifanya tena, akazifumua tena, hadi siku ya kuwasilisha ikampita akiwa bado ameshika wembe wa kufumulia. Chuo kikaandika barua. Kazi ya tatu, koti la kike lenye bitana, isipofika mezani Jumanne saa nne asubuhi, atarudia mwaka mzima. Karo ya mwaka wa kurudia sina. Mkopo niliochukua katika chama chetu cha ushirika kulipia mwaka huu bado ninaulipa, na nitaendelea kuulipa hadi mvua za masika za mwaka ujao.

Lakini pesa hazikunitisha kama nilichokiona Alhamisi usiku. Niliamka saa tisa kwenda msalani nikaona taa sebuleni. Alikuwa ameketi sakafuni, koti limemlalia magotini, anafumua kola kwa mara ya sita. Mikono ilimtetemeka. Kitambaa mahali pale kilikuwa kimetoboka matundu madogo madogo kama chujio la chai, kwa sababu sindano ikipita mahali pamoja mara kumi na mbili sufu huchoka kama mtu anavyochoka. Nilimwambia akalale. Akanitazama akasema, "Mama, upande wa kushoto umezidi." Nikauliza umezidi kwa kiasi gani. Akanionyesha. Msomaji, mimi nilivaa miwani na bado sikuona.

Ungenitaka niseme kwamba nilimkumbatia. Nilichofanya ni kurudi kitandani na kukodoa macho gizani, kwa kuwa nilikumbuka jambo. Akiwa darasa la tatu, alinijia mbio kutoka shuleni na karatasi ya hesabu, alama 96. Nikaichukua, nikaitazama, nikamwuliza, "Na hizo nne ziko wapi?" Nilisema kwa utani. Mimi ni mwalimu, kalamu yangu nyekundu imeshinda mfukoni mwangu kwa zaidi ya miaka 25, na huo ndio utani wetu. Ila mtoto hakucheka. Alikwenda kuzitafuta zile nne, na nadhani hajaacha kuzitafuta hadi leo.

Pengine nawe nyumbani kwako umewahi kuuliza swali hilo. Usijilaumu peke yako, maana jambo hili limetapakaa. Watafiti wawili, Thomas Curran na Andrew Hill, walikusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 40,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza kuanzia 1989 hadi 2016, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Psychological Bulletin mwaka wa 2019. Waliona kwamba tamaa ya ukamilifu imepanda miongoni mwa vijana kizazi baada ya kizazi. Iliyopanda zaidi, kwa asilimia 33, ni ile hisia kwamba watu wengine wanakudai uwe mkamilifu ndipo wakukubali. Sijui utafiti kama huo ungetoa namba gani ukifanywa katika mabweni yetu, ambako mtoto amepimwa kwa alama tangu akiwa chekechea na jina lake kubandikwa ubaoni kwa mpangilio wa nambari. Ninaweza kukisia.

Basi tukafika kwa fundi. Binti alikuwa amebeba koti kwenye mfuko wa karatasi, akalikumbatia kama mgonjwa.

"Mwalimu, karibu," fundi alisema bila kuacha kukanyaga. "Huyu si yule aliyekuwa akilala chini ya meza yangu?"

"Ndiye, Shosho," binti akajibu.

"Mbona umekonda hivi? Nyumbani hamna ugali?"

Nikaanza kumweleza habari ya koti, ya barua, ya Jumanne. Fundi akaniinulia mkono. Kibandani mlikuwa na watu saba wakingoja, na wengine walikuwa wameketi juu ya mawe nje. Alimsogezea binti yangu kigoda, akamtupia mapajani fungu la sketi za kijani kibichi. "Nishikie hizi vifungo na pindo. Zinachukuliwa saa kumi. Hilo koti tutaliona baadaye, halina miguu, haliendi popote."

Sasa hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, maana nimemjua fundi huyu miaka mingi lakini sikuwahi kuketi kibandani mwake siku nzima nikitazama kazi inavyokwenda. Ukutani kuna misumari sita mirefu. Kila msumari ni siku moja ya juma, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Nguo inayochukuliwa Alhamisi inatundikwa kwenye msumari wa Alhamisi na haiguswi Jumatatu, hata kama kitambaa chake kinavutia na mwenyewe ana pesa mkononi. Msumari ukijaa, fundi anakataa kazi. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia baba mmoja aliyekuja na vitambaa vya watoto wanne, "Wawili nitaweza. Hao wengine wapeleke kwa yule kijana wa upande wa Congo, anashona vizuri." Baba akasihi, akaongeza bei, akataja jina la Mungu. Fundi akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga.

Jambo la pili ni pindo. Ukigeuza ndani sketi yoyote iliyoshonwa pale, utakuta pindo limekunjwa inchi tatu nzima, na pembeni mwa mshono wa kiuno mmeachwa nguo ya ziada. Sare ya shule hushonwa kwa mtoto ambaye hayupo bado. Mwezi wa Januari anavaa ikiwa imelegea kidogo, mwezi wa Mei inamkaa sawa, na mwaka unaofuata mama yake anairudisha, pindo linateremshwa, na sketi inaanza maisha upya. Mzazi wa Kawangware hatamshukuru fundi aliyemshonea mtoto nguo iliyombana kama ngozi. Atamwita mwizi.

Na tatu, ambalo lilimtatiza sana binti yangu, ni kwamba kila nguo ina mahali pa kutazamwa na mahali pasipotazamwa na mtu yeyote isipokuwa nzi. Kola, mstari wa zipu, mfuko wa kifuani wenye nembo ya shule: hapo fundi anakwenda polepole, anapiga bandi kwanza, anainua nguo mwangani. Ndani ya mfuko, upande wa ndani wa mkanda wa kiuno, hapo anakanyaga kwa kasi kama anayekimbizwa.

Saa sita kasoro robo binti alikuwa amemaliza sketi moja na nusu. Kijana msaidizi wa fundi, ambaye hajamaliza hata darasa la nane, alikuwa amemaliza sita. Nilimwona binti akigeuza sketi ya pili, uso unamkunjamana, mkono unaufuata wembe. Fundi naye aliona. Akamnyang'anya sketi, akaishika pindo kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu zake zote.

"Imeshika?"

"Imeshika, Shosho, lakini mshono umepinda."

"Nani atauona?"

"Mimi nitauona."

"Basi wewe usiivae."

Watu walioketi juu ya mawe waliangua kicheko. Binti alitahayari, lakini baada ya kitambo nikamwona naye anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Novemba. Sketi ya tatu ilimchukua dakika 20. Ya nne ilikuja kuchukuliwa kabla haijapozwa pasi. Msichana wa miaka kama tisa akaivaa juu ya nguo zake pale pale kichochoroni, akazunguka mara mbili hadi marinda yakafunguka kama mwavuli, akaondoka anaruka. Mama yake hakugeuza pindo kulikagua. Binti yangu aliwatazama mpaka walipopotea nyuma ya kibanda cha mandazi.

Lakini usije ukafikiri kwamba pale hufanywa kazi ya bora liende. Saa nane hivi mzee mmoja alikuja kuchukua kaptura ya mjukuu wake. Fundi akaigeuza, akatia kidole gumba kwenye mshono wa makalio, akasimama. Yule kijana msaidizi alikuwa amepitisha uzi mara moja badala ya mbili. Mzee alisema haidhuru, ana safari ya Kabiria na mvua inakuja. Fundi alimpa kigoda. Kijana akafumua mshono wote mbele ya mwenye mali, akaushona mara mbili, fundi akauvuta, akauvuta tena, ndipo mzee akapewa. "Mtoto ataruka ukuta," fundi akamwambia kijana. "Mshono huu ukifunguka ataaibika mbele ya darasa zima. Ule wa mfuko ukifunguka atapoteza kalamu tu."

Maneno hayo yalinichoma mimi kuliko kijana. Mwendo mfupi kutoka hapo, huko Ng'ando, Jumatatu asubuhi ya Septemba 23, 2019, darasa la shule moja liliporomoka na kuua watoto wasiopungua saba waliokuwa wamefika tu kuanza masomo. Mwalimu yeyote wa sehemu hizi anakumbuka alikokuwa habari zilipofika. Kuna kazi ambayo haina haki ya kuwa nusu. Nguzo, mshono wa makalio, breki za matatu, kipimo cha dawa ya mtoto. Kosa langu mimi, na naona ni kosa la wengi wetu tuliosoma kwa fimbo, ni kuyapa mambo yote uzito wa nguzo. Nimewahi kumrudisha mwanafunzi aandike insha upya kwa sababu alipiga mstari wa pambizo bila rula. Insha yenyewe, naikumbuka vizuri, ilikuwa inahusu kifo cha nyanya yake.

Tulikula mchana pale pale. Fundi aliteleka githeri kwenye jiko la makaa lililokuwa mlangoni, lile la mabati lenye kiuno chembamba na kigae ndani, ambalo bila shaka nawe unalo au mama yako analo kijijini. Hadithi ya jiko hilo inafaa kusimuliwa hapa. Wazo lake lilitoka Thailand, likaletwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakati makaa yalipokuwa yakipanda bei. Wataalamu walichora, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakaanza kufua mabati, wafinyanzi wakachoma vigae. Yale ya kwanza yalikuwa na ila tele. Vigae vilipasuka, na akina mama wakarudi kulalamika. Mafundi hawakufunga karakana wangoje mchoro ulio safi. Waliuza, wakasikiliza lawama, wakabadilisha umbo na udongo, wakauza tena. Lililopatikana mwishoni hupunguza matumizi ya makaa kwa thuluthi au hata zaidi, na limeenea nchi jirani. Lingengojwa hadi liwe kamili ndipo lipelekwe sokoni, nadhani tungekuwa bado tunapikia lile la zamani la mabati matupu.

Watu wa jua kali kwa miaka mingi walidharauliwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kazi zao hazijanyooka. Ilikuwa hadi 1972 ndipo ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipokuja Kenya na kuandika ripoti iliyosema kwamba watu hawa si wavivu wala si uchafu wa kufagiliwa mjini, bali wanafanya kazi ya maana na wanastahili kusaidiwa. Serikali ilichukua miaka 20 mingine, hadi 1992, kutoa waraka wa bunge kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Sisi wenye vyeti hatukuwa na haraka.

Baada ya githeri fundi alisema, "Lete mgonjwa."

Binti akalitoa koti mfukoni. Kibanda kikanyamaza. Hata mimi, niliyelichoka, niliona ni koti zuri: sufu ya rangi ya kahawa, mabega yamekaa, bitana ya hariri ya bandia iliyokatwa vizuri lakini haijashonwa ndani. Fundi alilivaa mkononi kama soksi, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kola. Alikaa nalo muda mrefu. Nilitazamia amwambie kwamba kola iko sawa. Wala hakumwambia hivyo.

"Imepinda," alisema. "Upande wa kushoto umezidi uzi mmoja au mbili. Macho yako ni mazuri."

Binti akaanza kulia.

"Lakini kitambaa kimechoka, mwanangu. Ukifumua tena hakitashika uzi, kitararuka, na hapo hutakuwa na kola. Hii sasa ndiyo kola ya koti hili." Akalirudisha mapajani kwake. "Bitana haina mtu. Mikono haina pindo. Vifungo viko wapi? Umekaa majuma matatu mlangoni, nyumba yote haina paa."

Hapo umeme ulipotea, kama kawaida ya mtaa. Ile cherehani ya umeme ikanyamaza, zile za miguu zikaendelea. Fundi aliondoka kwenye kiti chake, akamketisha binti. Akamwekea saa yake ya mkononi kando ya gurudumu. Saa kumi, bitana. Saa kumi na moja, mikono. Saa kumi na mbili yeye hufunga, aliongeza, hata aje nani, maana jioni ana kikundi chao cha akina mama na asiyefika hulipa faini. Mimi nilikabidhiwa vifungo vya zile sketi zilizobaki, nami nikavishona, msomaji, na vingine vilikaa mshazari, na kwa mara ya kwanza maishani nikavipeleka mbele bila kusema neno.

Nilimtazama binti akishona. Mara tatu nilimwona akipeleka mkono kwenye kola, kama mtu anayegusa jino linalouma, kisha akaurudisha kwenye kazi. Mvua ilianza, mabati yakawa kelele tupu, maji yakaingia kwa chini na tukainua miguu. Saa kumi na mbili kasoro, bitana ilikuwa ndani na mkono mmoja una pindo. Mkono wa pili alimalizia nyumbani Jumapili baada ya kanisa, na vifungo Jumatatu. Jumatatu hiyo alilala saa nne za usiku. Mimi ndiye sikulala. Niliamka mara mbili kuangalia taa ya sebuleni, nikaikuta imezimwa.

Daktari mmoja wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika mwaka wa 1953 kwamba mtoto hahitaji mama mkamilifu, anamfaa mama wa kutosha tu, yule ambaye polepole humwacha akutane na kasoro za dunia kwa kiasi anachokiweza. Nilisoma habari zake zamani nikiwa chuo cha ualimu, nikazijibu vizuri kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Sikufikiri kwamba zilinihusu.

Koti lilifika mezani Jumanne saa tatu na nusu. Matokeo yalitoka majuma mawili baadaye: alama 61. Mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba bitana ni safi, ukataji ni mzuri, kisha akaichora kola duara na kuandika "haijalingana". Binti alinionyesha karatasi jikoni. Nilimwona akiisoma ile duara mara mbili, midomo imekaza, nikajua usiku ule hautakuwa mrahisi, na kweli haukuwa. Hajapona. Wiki iliyopita tu alichelewa kutuma kazi nyingine kwa siku nzima kwa ajili ya mfuko. Siku moja lakini, si majuma matatu, na siku hizi kuna misumari sita kwenye ukuta wa chumba chake. Aliipigilia mwenyewe. Mitatu imepinda.

Mwezi wa Mei tulipanda tena 46, safari hii kupeleka sketi ya binamu yake ikateremshwe pindo. Ukienda nawe, muulize fundi akuonyeshe: pindo likishateremshwa hubaki mstari mwembamba, rangi yake imekolea kuliko nguo nyingine, pale palipokuwa mkunjo wa zamani. Pasi haiuondoi. Watoto wa Kawangware wengi wana mstari huo, wengine miwili, na wanaruka kamba nao.

Asubuhi ilikuwa na baridi na binti alikuwa amelivaa lile koti. Aliketi dirishani, mimi kando yake, na tangu Hurlingham hadi Valley Arcade nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuitazama kola kwa karibu, mwangani, na miwani yangu ikiwa usoni. Ni kweli. Upande wa kushoto umezidi.

Nilifungua gazeti langu.